Nililibakiza Gitaa Linalonguruma

Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa na akili timamu, mchana kweupe, sijalewa wala sijaudhiwa na mtu. Nikisema shetani alinipitia nitakuwa namsingizia. Jina langu mtanisamehe, silitaji, na haya mengine nimeyabadilisha, maana niliyemkosea tunakula naye sahani moja mpaka leo.

Mimi ni fundi redio na simu hapa Mpanda, nakaa Makanyagio. Jumapili napiga gitaa la solo kanisani kwetu. Kanisa si kubwa, lakini tuna sheria moja: madhabahuni hupandi na viatu. Mchungaji, waimbaji, wapiga vyombo, wote miguu peku. Hilo lishikeni, mtalihitaji huko mbele.

Nyumbani nilikuwa na magitaa matatu ya umeme, nimeyatundika ukutani sebuleni. Jeusi nilirithi kwa baba mdogo. Jekundu nililinunua Tabora, nikarudi nalo kwenye treni nimelipakata kama mtoto. La tatu ni besi, hilo halina maneno, muda mwingi liko kwa kwaya. Mke wangu akawa ananisema kila akipiga deki.

"Baba Neema, una mikono mingapi wewe? Punguza hayo madude. Huu ni ukuta wa nyumba, siyo duka."

Sasa sikilizeni nilivyopunguza.

Amplifaya ya kanisa ilikuwa ya zamani na ilikuwa na mvumo. Mchungaji akihubiri, yenyewe inavuma nyuma yake. Akaniambia, "Fundi, huyo nzi wako mtoe humo." Nikaifungua, nikahangaika nayo siku mbili, nikashindwa. Mwisho nikakata waya wa arthi, ule wenye kazi ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Mvumo ukaisha palepale. Jumapili kanisa likanipigia makofi, na mimi nikayapokea.

Fundi yeyote anajua ule waya haukatwi. Hata mimi nilijua. Wiki ileile napiga gitaa, mdomo ukagusa maiki, ambayo ina mashine yake nyingine yenye arthi, nikapigwa shoti mpaka machozi yakanitoka. Umeme uliokosa njia ya kwenda chini ulikuwa umehamia kwenye nyuzi za gitaa, unasubiri mtu wa kupitia.

Badala ya kuurudisha waya nikaona aibu. Nimwambieje mchungaji kwamba kazi aliyonisifia mbele ya watu ilikuwa uongo? Nikaenda nyumbani, nikalifungua gitaa jeusi, nikakata kale kawaya kadogo kanakounganisha nyuzi na mtambo wa ndani. Dakika tano tu. Tangu hapo jeusi halikuniuma tena, ila likawa linanguruma. Waimbaji wakanitania, "Fundi, leo umekuja na simba kutoka mbugani?" Nikacheka nao.

Jekundu sikuligusa. Likabaki na sauti yake safi, na likabaki linauma.

Aliyekuwa akipiga rizimu kwetu ni Elia, kwa gitaa la mbao lisilo na umeme. Huyu amemwoa dada yangu mdogo, kwa hiyo tunaitana shemeji. Wazee wake walishuka huku na ng'ombe kutoka Usukumani. Elia alilipenda lile jekundu, jamani. Akija kutusalimia haketi mpaka alishushe ukutani. Siku moja akanifuata kibandani kwangu.

"Shemeji, nasikia Mama Neema anataka upunguze. Niachie jekundu, nakuletea dume."

Dume la ng'ombe, limenona. Nikalijaribisha gitaa mbele yake kwa kispika changu cha betri, ambacho hakina umeme wa kuua hata sisimizi. Likaimba vizuri mno. Akanitazama, akauliza, "Mbona unatoa zuri unabaki na lile linalonguruma?"

Nikamjibu, "Lile ni la baba mdogo, haliuzwi." Akaniombea baraka kwa kuheshimu wazee.

Nilitakiwa kulifungua palepale nikakata na kawaya ka hilo. Lakini lingenguruma, na shemeji asingelitaka, na dume lingebaki kwao. Nikamkabidhi hivyohivyo. Ndivyo nilivyochagua: zuri akachukua yeye, la salama nikabaki nalo mimi.

Jumapili ya kwanza akanivuta pembeni. "Shemeji, hili gitaa mbona linanitekenya midomo?" Nikamwambia amezoea la mbao, la umeme ndivyo lilivyo. Jumapili ya pili kinamama wa mbele wakamwona anatetemeka akiimba, wakasema ni upako. Mchungaji naye akasema Mungu ameanza kumtumia Elia. Mwenyewe akaamini. Akaanza kufunga kila Ijumaa ili aguswe zaidi.

Nafasi ya kusema nilikuwa nayo, tena siyo moja. Dada yangu alikuja mpaka nyumbani, akakaa pale chini ya ukuta wa magitaa. "Kaka, Elia akitoka ibadani mkono unamfa ganzi mpaka jioni. Ni kawaida?" Nikamwambia gitaa jipya huwa linachosha, atalizoea. Akashukuru, akaenda zake.

Halafu mvua zikaanza. Bati la kanisa letu linavuja upande wa madhabahu. Jumapili hiyo kinamama walikuwa wamepiga deki asubuhi, saruji haijakauka, na matone yakaongezea. Nilisimama nimeshika jeusi langu, nayaangalia maji yanavyosogea kwenye nyayo za shemeji. Nikajiambia wimbo huu ukiisha namwambia.

Kwenye kibwagizo cha pili Elia akanyoosha mkono wa kulia kuivuta maiki karibu, wa kushoto ukiwa bado kwenye nyuzi. Hakuiachia tena. Mwili ukakakamaa, sauti ikakatika, akaanza kutikisika mzima mzima. Kanisa lote likasimama. Makofi, vigelegele, watu wananena kwa lugha. Mchungaji anapaza sauti, "Mguse, Bwana, mguse!" Dada yangu yuko mstari wa mbele, amenyoosha mikono juu, analia kwa furaha.

Mle ndani nilijua peke yangu. Na plagi ya amplifaya ilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama.

Sikukimbia. Dhambi yangu iko hapo kuliko hata kwenye waya. Nilisimama nawaza kwamba nikizima, watajua nilikuwa najua. Kibwagizo kizima kilipita, mpiga ngoma akikikaza, na mimi nimesimama. Nilipokuja kuing'oa ile plagi, Elia alianguka chali, gitaa likiwa kifuani.

Hakufa. Alilazwa siku nyingi, akarudi, na dada yangu mpaka leo ananishukuru kwa kuing'oa plagi. Lakini vidole vitatu vya mkono wa kushoto viliungua mpaka ndani, vimejikunja, havibonyezi nyuzi tena wala havishiki jembe. Shamba sasa analima dada yangu peke yake. Yeye Elia hana kinyongo na mtu. Anatoa ushuhuda kwamba aliguswa na Mungu, na watu wanalia. Gitaa alinirudishia mwenyewe, amelibeba kwa mkono mmoja.

"Litundike palepale, shemeji. Usimpe mtu mpaka mwanangu akue."

Nikalitundika. Siku hizi sikai sebuleni. Dume liko uani, na mke wangu anashangaa kwa nini sitaki lichinjwe wala liuzwe.

Amplifaya ya kanisa nimeirudishia waya wake kimyakimya. Mngedhani yameisha. Hayajaisha, na ndicho kilichonifanya niandike.

Zile siku nasifiwa, alikuja kibandani mtu na bodaboda, amebeba amplifaya ndani ya gunia. Akasema ya kwao nayo inavuma, amesikia ugonjwa huo mimi nauweza. Nikaukata waya huku tunapiga stori, hata jina sikumuuliza. Alisema tu anatokea Kapalamsenga, kule ziwani. Nimeshaenda huko mara mbili, nimezunguka kanisa kwa kanisa. Wanasema amplifaya ya namna hiyo ipo, ila inaazimwa sana, ikitoka ibadani inakwenda harusini, ikitoka harusini inakwenda msibani, na kwa sasa hawajui iko kwa nani.

Ni ya kijivu. Kitambaa cha spika kimechanika kona ya chini. Nyuma, kwa wino mweupe, niliandika kwa mkono wangu OK.

Ukiiona, usiiwashe. Mwambie mwenye nayo akutafutie fundi airudishie arthi, na anayepigia hapo avae viatu, hata kama ni madhabahuni. Na nyie mafundi wenzangu, mvumo ukikushinda sema umekushinda, aibu ya siku moja haimuunguzi mtu vidole. Na mkimwona mpiga gitaa anatetemeka, msianze na makofi. Zimeni umeme kwanza, Mungu mtamshukuru baadaye.

Dada yangu akisoma hapa atanitambua kwa hilo dume. Na anitambue tu, nimechoka kushukuriwa.

Hapa Mpanda mvua imeanza tangu jana, na wingu lote limeelekea upande wa ziwani.