Salamu kwa Shemeji

Kaka yangu mkubwa, mwanajeshi huko Walikale, alikuwa hodari wa salamu. Simu walikuwa wamenyang'anywa na wakubwa wao, kwa hiyo aliandika kwenye karatasi, na barua zilitufikia Nyabiondo mikononi mwa waendesha pikipiki waliobeba mawese, zikiwa na madoa ya mafuta kila kona. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu: Mama, baba mkubwa, katekista, majirani wa juu, majirani wa chini, hata mbuzi wetu jike mwenye pembe moja. Kwetu kumruka mtu ni kumtukana, najua. Lakini mimi nilikuwa nimemuuliza swali moja tu, tangu maharage yalipokuwa maua: unakubali niolewe?

Baba alikwisha kufariki, na kwetu mbuzi wa mahari hawaingii uani kabla kifungua mimba hajasema neno. Mchumba wangu, mkulima wa ng'ambo ya kilima, mtu wa kucheka hata akiwa na jembe begani, aliwaleta mbuzi wake. Baba mkubwa akakataa hata kushika kamba. Wakafungwa kwa jirani, wakamlia majani ya mihogo, na jirani akanilalamikia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekula.

"Haraka haraka haina baraka," baba mkubwa aliniambia. "Tutangoja neno ya kaka yako."

"Na ngoja ngoja inaumizaka matumbo, Papa," nikamjibu, na Mama akanifinya.

Barua nyingine ikaja. Nikaisoma nimesimama pale pale barabarani. Katekista amesalimiwa mara mbili. Kuhusu mimi, hakuna kitu. Kikosi chake kilikuwa kinahamahama msituni, na barua yangu ilikuwa inamfuata nyuma bila kumpata. Hilo nilijua. Nilikasirika vile vile. Nilimkasirikia kaka, nikavikasirikia vita, nikamkasirikia hata yule mbuzi mwenye pembe moja, kwa kuwa alisalimiwa na mimi sikujibiwa.

Maharage tukayavuna, tukapanda mengine. Wazazi wa mchumba wangu wakachoka. Walisema hawawezi kungoja neno la mtu ambaye huenda hayuko hai, wakafungua mbuzi wao. Waliwapitisha kando ya shamba letu mchana kweupe, nikiwa nimeinama napalilia. Sikuinuka. Baadaye mchumba wangu alioa msichana wa Bihambwe, na nasikia bado anacheka.

Ndipo jibu likaja. Kaka amekubali! Mbuzi waingie, Mama acheze, na yeye akipata ruhusa atakuja kula kwangu kwanza kabla ya kwingine. Aliandika kwamba tangu aisome habari ile, ndiyo anayoilalia na kuamkia.

Nilichukua kalamu nimweleze yote, tena kwa ukali. Mama akaweka mkono juu ya karatasi.

"Mutoto iko ku vita, hatumuambie mambo ya kumuvunja moyo. Andika kama tuko muzuri."

"Nimudanganye, Mama?"

"Andika."

Nikaandika kwamba mbuzi wameingia. Tangu hapo, katika kila barua, shemeji husalimiwa mara tu baada ya Mama, mbele ya baba mkubwa, na kila mara mimi hujibu kwamba shemeji naye anamsalimia sana. Nasaga meno nikiandika. Sina mume, na kila mwezi namtungia habari: amepanda mihogo, ameezeka nyumba, amepona mafua.

Katika barua ya mwisho kaka ameuliza kama mtoto amezaliwa. Amesema akiwa wa kiume apewe jina la Baba, na kwamba huko msituni amemchongea kijiko cha mti.

Nilimtazama Mama. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso.

"Andika, tungali tunangoja," akasema.

Nikaandika. Katika barua nzima, hilo tu lilikuwa kweli.