Kiingereza cha Ushuhuda Wangu

Kanisani kwetu, huku Temeke, kuna mwalimu wa sekondari asiyeweza kusikia Kiingereza kibovu akanyamaza. Ukimuaga kwa "I am coming", anakusimamisha akuulize: unaondoka au unakuja? Mama mmoja wa kwaya alimwomba kitabu cha nyimbo, akasema "borrow me". Akaambiwa mbele ya wenzake kwamba anayetoa ndiye ana-"lend", anayepokea ndiye ana-"borrow", na kitabu hakitoki mpaka aseme vizuri. Watu wakacheka. Hata mie nilikuwaga nacheka. Nimeishia la saba. Kiingereza nilichonacho nilikiokota Mwenge, nikipaka vinyago rangi ya viatu ving'ae na kuwauzia wageni.

Huyo mwalimu ndiye mkalimani wetu.

Sasa niseme habari ya mkono. Jina silitaji, wala wa hapa hawalihitaji: ni yule fundi samani wa Keko, mzee wa kanisa, anayekaa benchi la mbele upande wa kinanda. Ndiye aliyekuwa mume wangu. Alinivunja mkono kwa mguu wa kiti, kiti chenyewe hajamaliza kukiunga. Mfupa ulishika vibaya, na mpaka leo siwezi kujitwisha ndoo. Mchungaji wa wakati ule akawatangazia watu kwamba nimeteleza bafuni. Mama mkwe, aliyeona kwa macho yake, akashika hilohilo la bafu. Hao watatu nawaweka kapu moja, na sijawatoa.

Nilitoka kwake, lakini kanisa sikutoka. Ningeenda wapi? Nikaendelea kukaa nyuma, nikisikia bafu, bafu, kila anapokuja muumini mpya akauliza mbona huyu mama hanyanyui mkono kwenye sifa.

Wakaja wageni kutoka ng'ambo. Mchungaji wa sasa akataka akina mama watoe ushuhuda, nami nikapangwa niseme jinsi Mungu alivyoniponya. Nikakubali. Nilitaka la kweli lisemwe mara moja tu pale mbele, kwenye kipaza sauti, basi.

Zamu yangu ilipofika nikasema Bwana asifiwe, wakaitikia. Nikasema mume wangu alinivunja mkono, nikaondoka kwake, na Mungu amenitunza hadi leo. Mwalimu akatazama benchi la mbele, maana yeye na yule mzee ni marafiki. Kisha akawageukia wageni, akaongea kwa ufasaha wake wote, na katikati nikasikia "accident". Neno hilo hapa mjini hata asiyesoma analijua. Nikaona bafu linapakizwa kwenye ndege.

Nikakichukua kile kipaza sauti.

"No accident," nikasema. "My husband, she break my hand. With leg of chair. She is there." Nikamnyooshea kidole.

Nyuma mtu akacheka. Ile "she" ilimshinda. Kicheko kikapita benchi kwa benchi, hadi akina mama wakaziba midomo kwa khanga, na mchungaji akaona upenyo, akaanzisha pambio. Nikarudi kukaa. Sikulia. Nilijisemea tu, kumbe hata hilo wamepata pa kulipitisha, kwenye kicheko.

Baada ya ibada tukala pilau nje, chini ya turubai. Kila aliyenipita alikuwa na la kwake: eti mumeo amegeuka lini mwanamke, eti tumtafutie gauni. La kiti hakuna aliyelitaja. Mzee mwenyewe alikuwa meza ya wageni, anakunywa soda.

Nilikuwa kwenye foleni ya chakula mwalimu aliponijia na sahani yake. Hakuwa na hasira. Alikuja kwa upole, kama anayeleta dawa.

"Mama, mwanaume ni 'he'. 'She' ni mwanamke," akasema. Akajipapasa kuanzia begani kwenda chini. "Na huu wote ni 'arm'. 'Hand' ni hapa kwenye kiganja. Halafu ni jambo lililopita, kwa hiyo 'broke', siyo 'break'."

Nikamsikiliza hadi mwisho.

"Nashukuru, mwalimu. Ukiacha hayo, wapi pengine nimekosea?"

Akafikiri. Naamini alikuwa anayapitia kweli maneno yangu, kama anavyosahihisha mitihani.

"Mengine yako sawa," akasema.

Ndipo naye akasikia alichokikubali. Sauti yake ni ya darasani, haijui kunong'ona, na foleni nzima ilikuwa imemsikia. Akaitazama meza ya wageni, akaitazama sahani yake, akaondoka hata nyama hajaongezewa.

Aliyekuwa anapakua ni yule mama wa kwaya. Tumekaa naye benchi moja miaka na miaka, tumefunga na kuomba pamoja. Akauweka upawa ndani ya sufuria.

"Ni mkono upi?" akaniuliza.

Nikampa sahani aishike, nikapandisha mkono wa blauzi, nikamwonyesha.