Siku Niliyompokonya Baba Ushanga

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwana wa jirani yangu, na hasira yake haijanitoka mpaka leo. Weka simu chini unisikilize.

Nilikuwa kijana wa kuchuma chai huku Roret, kifua mbele, maneno mengi. Baba yangu alikuwa na kansa ya koo. Hata mursik, maziwa yetu ya kibuyu aliyoyapenda kuliko nyama, yalikuwa yakimkwama. Mzee aliyeogopwa kijiji kizima akawa wa kukaa anatazama ukuta, mikono ikimtetemeka. Alikuwa na hofu, na sisi tulijifanya hatuioni.

Kule kliniki alimpata nesi mmoja, mama wa Kisii, aliyewakalisha wagonjwa pamoja wachore au washone. Baba alichagua kushona ushanga juu ya kibuyu, vile mama zetu wanavyopamba vibuyu. Nesi alimwambia, "Mzee, pumua pole pole. Angalia hiyo ushanga moja tu. Ya kesho wacha kwanza." Na kweli, akishona, mikono ilitulia. Kuna asubuhi nilimsikia akicheka peke yake.

Lakini kwetu kupamba kibuyu ni kazi ya wanawake. Vijana wenzangu walianza kuniuliza baba yangu ameolewa na nani. Basi Jumapili moja, watu wa kanisa wakiwa njiani kuja kumwombea, nikampokonya kile kibuyu. "Baba, wewe ni mwanaume. Unatuaibisha." Nikakitupa chooni pamoja na ushanga wote. Baba alitazama vidole vyake, kisha akageukia ukuta.

Shangazi, dada yake mkubwa, alinifuata nje na fimbo ya ng'ombe. Hakunichapa, heri angenichapa.

"Wewe umetoa hiyo ugonjwa? Hujatoa. Umetoa ile kitu ilikuwa inamtuliza. Sasa mpatie ingine basi, wewe mwanaume!"

Sikuwa na kingine. Wiki tatu zilizombakia alizimaliza hivyo hivyo, akitazama ukuta, na mikono yake ikatetemeka mpaka mwisho.

Ndiyo maana nimekukasirikia. Nimesikia umemfichia mama yako, naye anaugua kansa kama baba yangu, karatasi na rangi alizopewa kliniki, eti ni michezo ya watoto wa nasari. Mjinga wee! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Rangi hazitibu kansa, hilo najua. Dawa ni za daktari, na asikose hata siku moja. Lakini mgonjwa ana moyo pia, na moyo huo unaogopa mchana kutwa, hata akikuambia yuko sawa. Akipata kitu cha kuutuliza, kiwe cha watoto, kiwe cha wanawake, majirani wacheke mpaka wachoke, wewe usikiguse. Aibu ni yako, ibebe mwenyewe. Usimtwike mtu ambaye tayari amelemewa. Kaa karibu naye, funga mdomo, mshikie karatasi isipeperuke. Akitaka kulia, mwache alie.

Mama yako yuko hai. Mimi nazeeka nikimwomba radhi mtu asiyeweza kunijibu.

Inuka uende. Mungu akubariki, mwanangu, akulainishie huo ulimi, na mama yako akusamehe akiwa bado ana sauti.