Usiku wa Tarehe Moja

Nianze na mkunga, maana mimi nilikuja baadaye, na kama nisingekuja kabisa pengine ingekuwa heri.

Alikuwa Mwislamu wa upande wa Matungu, mama wa makamo mwenye mikono minene na sauti ndogo. Alikuwa amezalisha wanawake katika zahanati yetu kwa miaka mingi kabla sijaajiriwa. Mimi nilikuwa kijana wa kompyuta katika ofisi iliyosimamia zahanati ile na nyingine chache, mjini Kakamega, ghorofani juu ya duka la misumari na mabati. Ilikuwa nusu ya pili ya miaka ya tisini. Kompyuta ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni, na kila alasiri wingu lilipotanda niliichomoa ukutani, kwa sababu radi ya Kakamega haina adabu.

Kazi yangu ilikuwa kuyaingiza madaftari ya wodi ya wazazi kwenye mashine. Nilitumia lugha ya bure ya kuandikia programu, ambayo mgeni mmoja wa kujitolea aliniachia kwenye rundo la diski. Lugha ile haikuwa mali ya kampuni. Waliitengeneza watu waliotawanyika duniani, wakauacha msimbo wake wazi ili yeyote ausome. Ukiona kasoro uliwaandikia barua pepe, kasoro yako ikaingia kwenye orodha na kupewa namba, ikakaa humo mpaka mtu aitatue na kuifunga. Niliipenda orodha ile kuliko nilivyowapenda watu wengi. Sijisifu, nasema ilivyokuwa.

Mkunga ndiye aliyenifundisha kulisoma daftari.

"Usiku unatanguliaga mchana wake," aliniambia. "Alhamisi jua likizama, huo tayari ni usiku wa Ijumaa. Sisi tunahesabunga hivyo toka zamani."

Mimi nililelewa Malinya, kwa Wakristo, na kwetu usiku wa Alhamisi ulikuwa wa Alhamisi mpaka jogoo awike. Lakini daftari lilikuwa lake. Nikatafuta kanuni, ikaja rahisi mno: chukua saa ya usiku, toa sita, kisha hesabu kuanzia saa sita ya usiku inayofungua tarehe hiyo. Saa nane ukitoa sita unabaki na mbili, yaani masaa mawili tangu tarehe ianze. Saa mbili ukitoa sita unapata hasi nne, yaani masaa manne kabla tarehe haijaanza, jana yake jioni. Niliipa lugha ile hasi nne, nayo ikarudi siku moja nyuma yenyewe bila kulalamika. Nilijaribu mara tano au sita kwa tarehe za katikati ya mwezi. Kisha niliandika kanuni kwenye karatasi na kuibandika kwenye jalada la kila daftari, ili atakayemfuata naye ahesabu vivyo hivyo.

Mkunga aliisoma, akacheka kidogo. "Basi mashine yako imesilimu," akasema.

Mwaka uliofuata wakaguzi wa afya walikuja kutoka mbali wakaomba karatasi zote. Niliwachapia. Walizipitia kwa kalamu nyekundu, na kalamu ikasimama kwenye mstari mmoja. Mama fulani aliingia zahanati tarehe thelathini na moja, saa nane mchana. Alijifungua tarehe moja, saa mbili usiku. Masaa thelathini. Mtoto hakulia. Mkunga wa zamu alikuwa mmoja, peke yake, na katika masaa hayo yote hakuna palipoandikwa kwamba aliomba gari la kumpeleka mama hospitali kubwa.

Kamati ya ofisi ilikaa wiki hiyo hiyo. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa haki, ninasema hivyo bila kejeli. Alimpa mkunga nafasi ya kujieleza. Mkunga alieleza kwamba usiku wa tarehe moja ni ule unaoitangulia tarehe moja, si ule unaoifuata. Kwamba mama alikaa masaa sita, na mtoto alikuja amefungwa kitovu shingoni. Daftari lilikuwa mezani. Kila aliyelisoma aliona tarehe moja, saa mbili usiku, na kila mmoja pale alihesabu kama nilivyohesabu mimi utotoni. Nikaona nyuso zao. Walidhani anatapatapa.

Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe ndiye wa mashine. Hiyo mashine inajua hesabu yake huyu mama?"

"Inajua," nikasema. "Niliiandika kwa hesabu yake."

"Na kwa hesabu yake, inasema nini?"

"Inasema tarehe moja jioni. Masaa thelathini."

Mkunga alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, na laiti angenitazama hivyo. Alinitazama kama mtu aliyesubiri gari lake akaliona linapita bila kusimama. Nilijua mwanamke huyu alivyofanya kazi. Nilikuwa nimemwona akila chakula chake amesimama. Na bado sikusikia kitu kifuani, si huruma, si shaka. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu na ilikuwa wazi. Akaambiwa akae nyumbani asubiri barua, na barua ilipofika ilikuwa ya kumwachisha kazi kwa uzembe uliomuua mtoto.

Mama aliyejifungua alikuwa amesharudi kwao Lugari, kwenye mashamba ya mahindi. Faili lake lilisema "amehama", likafungwa.

Walimleta nesi mpya kutoka Malava. Alinung'unika kuhusu kanuni iliyobandikwa kwenye jalada, lakini aliifuata. Miezi mitano baadaye nilikuwa nachapa orodha ya chanjo nikaona mtoto aliyechanjwa tarehe moja, saa tatu asubuhi, na kuzaliwa tarehe moja, saa moja usiku. Masaa kumi kabla hajazaliwa, tayari amekwisha kudungwa sindano. Nilikaa nikiitazama ile karatasi. Nje muuza duka alikuwa anakata bati na kelele ilikuwa nyingi, na mimi nilikuwa najua, na sikutaka kujua.

Kwanza nilijilaumu mwenyewe, ndivyo inavyotakiwa. Nilisoma programu yangu mstari kwa mstari. Ilikuwa safi. Basi kasoro ilikuwa chini yake, ndani ya lugha.

Nikawaandikia wenye orodha. Barua pepe wakati huo haikuondoka papo hapo. Zilikusanywa kwenye mashine, na modemu ikapiga simu mara mbili kwa wiki, ikiwa laini ilikuwa hai. Sheria yao ilikuwa moja: kata mfano wako uwe mdogo kabisa, uondoe kila kisichohusika. Nikakata. Niliondoa zahanati, nikaondoa daftari, nikaondoa hata tarehe yenyewe nikaweka tarehe kumi na tano, kwa sababu niliona tarehe ni tarehe. Nikauliza: nikiipa saa hasi nne, mbona hairudi nyuma?

Jibu lilikuja wiki iliyofuata. "Hapa inarudi nyuma sawasawa. Kasoro yako haitokei kwetu. Imefungwa." Chini yake mwingine aliongeza: "Kwani nani huandika saa hasi?"

Nilijaribu mfano wangu mwenyewe, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kuwaandikia. Ulifanya kazi vizuri kabisa. Ningeweza kuacha hapo. Mtu mwingine angeshukuru kuona imefungwa. Sijui kilichonifanya nisiache. Haikuwa dhamira njema, nadhani ilikuwa ubishi tu.

Nilipanda gari kwenda zahanati nikaomba madaftari mawili, la mkunga na la nesi mpya. Niliyafungua mezani yakiwa ubavu kwa ubavu. Kule kila mwezi ulikuwa na daftari lake. Mtoto wa mkunga alikuwa ameandikwa mstari wa kwanza, ukurasa wa kwanza. Mtoto wa nesi, mstari wa kwanza, ukurasa wa kwanza. Jua la mwisho wa mwezi lilikuwa limezama, nao wakafungua daftari jipya, kwa sababu kanuni yangu ilisema usiku ule ni wa tarehe moja.

Nilirudi ofisini nikausoma msimbo wa lugha. Nilipaona mahali penyewe kabla ya mvua ya alasiri. Ilipotakiwa kurudi siku moja nyuma, lugha ilitoa moja kwenye tarehe. Kumi na tano ikawa kumi na nne, vizuri. Lakini moja ukitoa moja ni sifuri, na hakuna tarehe sifuri. Aliyeandika aliliona hilo, akaongeza mstari mmoja: tarehe ikiwa chini ya moja, iwe moja. Alisahau kwamba nyuma ya tarehe moja kuna mwezi mzima.

Kiraka changu, yaani marekebisho ya kuziba kasoro ile, kilikuwa na mistari minne. Niliambatanisha na jaribio, maana hawakupokea kiraka bila jaribio: tarehe moja ya mwezi ule ule, saa hasi nne, jibu litakiwalo ni thelathini na moja jioni. Yule aliyeuliza nani huandika saa hasi nikamjibu kwamba huku kwetu kuna watu ambao usiku wao hutangulia mchana, na mmoja wao amepoteza kazi. Aliandika: "Ajabu. Asante. Imeingizwa." Jaribio lile limo mpaka leo. Mtu yeyote anayeijenga lugha ile upya, popote alipo, kompyuta yake hujiuliza kwanza usiku ule ulikuwa wa lini, na hujibu sawa.

Nilidhani nikifika hapo nitalia, au nitapumua. Nilifunika kompyuta nikaenda kula obusuma, ugali wa kwetu, na mboga kibandani, nikala zote.

Kamati hukaa mara chache kwa mwaka, na mara ya kwanza niliyopeleka karatasi zangu ajenda ilikuwa imejaa. Mara ya pili mwenyekiti alizisoma zote, akavua miwani. Akaniuliza kwa nini sikujua haya siku ile. Nikasema sikuuliza. Wakaandika barua kwamba uzembe umefutwa kwenye faili, na kwamba nafasi ilishajazwa, ila mkunga anaweza kuomba tena itakapotangazwa. Walinipa mimi niipeleke.

Alikuwa anaishi Mayoni, nyuma ya soko, nyumba imezungukwa na miwa. Nilimkuta amekaa kwenye jamvi akichambua kunde.

"Asalaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Karibu, mwanangu. Kaa."

Nilikaa. Nilimpa barua, akaisoma polepole, akaikunja, akaiweka chini ya ungo. Nikamweleza habari ya sifuri. Nilimweleza vizuri mno, nilikuwa nimeizoea. Nikamwambia kasoro imeondolewa ndani ya lugha yenyewe, na kuanzia toleo lile dunia nzima itahesabu usiku wa tarehe moja inavyotakiwa.

"Dunia nzima," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alhamdulillahi." Akaendelea kuchambua. "Nikuulize, mwanangu. Siku ile pale mezani, wewe uliamini nilimwacha mama wa watu usiku na mchana?"

Nilitafuta jibu la kweli. "Sikuamini wala sikukataa. Nilisoma karatasi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokitarajia.

Mwanamke kijana akaja kutoka nyuma ya nyumba na mtoto mchanga mgongoni, amebeba sufuria ya chai. Nilidhani ni mkaza mwana. Akanisalimia kwa kupiga goti kidogo, akatumiminia.

"Huyu ni mgeni wangu kutoka Lugari," mkunga akasema. "Tumbo lilipofika miezi minane alipanda gari akaja kukaa hapa, nimzalishe mimi. Mumewe alikataa, akaja tu. Mtoto ana wiki tatu. Yule wa kwanza nilimzalisha kule zahanati." Akanitazama. "Yule wa usiku wa tarehe moja."

Nilishika kikombe. Nilimwuliza yule mwanamke, siku ile ya mtoto wa kwanza alikaa zahanati muda gani.

"Nilifika watu wanatoka kula chakula cha mchana," akasema. "Giza ikaingia, kidogo tu, basi. Ikaisha. Mama huyu hakuniacha hata dakika. Alinishikanga mkono mpaka kidole yake ikafura."

"Kuna mtu aliwahi kukuuliza haya?"

Alimtazama mkunga, kisha mimi, akiwa haelewi.

"Nani angeniuliza?"

Karatasi zangu zilikuwa gotini, zile zenye msimbo na kiraka na jaribio. Yule mwanamke akaziona, akauliza ni za nini. Nikamwambia ni kazi ya ofisi.