Kaliko Niliyoitundika Mapema

Nilitundika kaliko barabarani kabla binti yangu hajachagua chuo kikuu. Hilo ndilo kosa langu, na sina mtu wa kumbebesha. Kaliko, kwetu Kolwezi, ni kile kitambaa kirefu chenye maandishi ambacho watu hukitandaza juu ya njia siku ya ndoa, au askofu akija. Mimi niliishona pindo mwenyewe, nikamtafuta mchoraji, akaandika kwa rangi nyekundu: HONGERA INJINIA WETU WA LUBUMBASHI. Upande mmoja tukaifunga kwenye nguzo ya umeme, upande wa pili kwenye mti wa avoka wa jirani yangu, mama anayeuza makala, makaa ya kupikia, ng'ambo ya njia.

Binti alikuwa amefaulu mitihani ya kuingia vyuo viwili, vyote vya wale wasiochukua mtu kwa huruma. Kimoja kiko Lubumbashi, kingine Kinshasa. Juma lile lile vyote vikamwandikia kwamba nafasi yake ipo, lakini athibitishe kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo atapewa mwingine.

Mimi nilipiga mahesabu yangu ya kibaba. Lubumbashi, basi linatoka asubuhi, na jioni mtoto yuko nyumbani na mfuko wa nguo chafu. Kinshasa hakuna basi. Kinshasa ni ndege, chini ya ndege ni pori na mito, na mwisho wa pori ni watu wanaoongea Lingala, lugha ambayo mimi naijua ya nyimbo peke yake. Kwa Lingala naweza kumweleza mtu vizuri kabisa kwamba moyo wangu umevunjika, ila siwezi kumuuliza choo kiko wapi.

Na mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza sekondari, nikakaa kwenye mashini ya kushona, na tangu siku ile sijaona sababu nzito ya kusimama. Nashona salopeti, zile nguo za kazi za wachimbaji, hapo hapo kwenye barza ya nyumba yetu. Lubumbashi nimefika mara mbili maishani. Mara ya kwanza nilirudi kesho yake kwa sababu mto wa kulalia haukuwa wangu. Msafiri ni mke wangu: anakwenda Nzilo kufuata samaki, anakaa huko siku nne, anarudi akicheka. Juma lile alikuwa Nzilo. Angekuwepo, ile kaliko isingefika hata kwenye ngazi.

Ilikuwa Jumapili. Binti alitoka kanisani, akasimama chini ya kaliko, ameinua shingo.

"Papa, nani aliandika hii?"

"Ni mi."

"Juu ya nini?"

"Juu ya furaha!"

Akacheka. Akaisoma tena polepole, kama vile ilikuwa na ukurasa wa pili. Kisha akasema, "Sawa, papa. Iko muzuri."

Mara pikipiki zikaanza kupiga honi, na malori ya shaba yakajibu kwa honi zao kubwa. Wachimbaji vijana waliokuja kuchukua salopeti zao wakasoma kwa sauti, wakamzunguka binti wakimwimbia. Mama wa makala akavuka njia na kopo la poda, akamwagia binti kichwani na mimi akanimwagia mpaka kwenye masikio, kama tunavyofanya mtoto akifaulu. Akaangalia kaliko, akamwangalia binti, akanyamaza. Mama huyo hanyamazi. Nilidhani poda imemwingia mdomoni.

Siku tatu nilitembea kama bwana arusi. Nilianza na kumshonea binti koti, maana mwezi wa sita baridi ya Lubumbashi inauma. Nilitia bitana nzuri ndani. Alilijaribu, akasema linamkaa, akalikunja.

Jumatano binti alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na mteja mmoja, kijana mchimbaji, akaja kutafuta vipimo vyake. Sasa, vipimo vyote viko kwenye kaye, daftari letu la kazi, na tangu akiwa na miaka kumi anayeandika humo ni binti yangu. Mwandiko wangu hata mimi haunitii. Nikavaa miwani, nikafungua.

Karibu na mwisho nikakuta ukurasa wenye vipimo bila jina la mteja. Chini yake, kwa mwandiko wake mzuri, oda ya magauni: "Robe ine. Bila mikono. Kitambaa kyepesi. Kinshasa iko joto." Yote yamekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Chini ya mstari, tarehe ya Jumapili ile ya kaliko, na maneno mengine: "Koti moja."

Vile vipimo sikuhitaji jina. Mabega yale nimeyavalisha tangu siku alipozaliwa.

"Tata," mteja akasema, "unasoma ao unasali?"

Nitasema kweli: nililifunga kaye. Nikampimia kijana upya, akaenda zake. Nikawaza hivi: Ijumaa iko karibu, yeye mwenyewe amekata kwa mkono wake, na mimi sikuona kitu. Asubuhi tunakunywa chai wawili, mimi na yeye, kabla mashini haijaanza kulia. Ananisomea orodha ya kazi, ananicheka kwa wateja niliowasahau. Akiwa Lubumbashi angerudi mara kwa mara. Nikaendelea kushona na mawazo hayo, na baada ya saa nzima nikagundua nimemshonea mchimbaji wa watu mfuko uliofunguka chini. Jiwe lolote angeliweka humo lingemwangukia mguuni.

Nikaufumua. Binti aliporudi, nikamsukumia kaye.

"Huyu muteja bila jina, ni kiliya gani?"

Akaangalia ukurasa. "Kiliya moja tu. Alibadirisha mawazo."

"Alibadirisha, ao kuna muzee alimutishia na kaliko?"

Alitaka kucheka, mdomo ukakataa. "Papa, ulitundika ku barabara. Batu yote balisoma. Nikisema Kinshasa, batakucheka..." Akaacha. "Na asubui utakunywa chai na nani?"

"Na mama yako."

"Mama iko Nzilo siku ine mu juma."

"Basi na mashini. Yenyewe hainichekake."

"Na kaye, nani ataandika?"

"Mi. Wateja batapata suruali ya mutu mwingine, batazoea."

Hapo akacheka vizuri, cheko lake lile la kukunja goti, na macho yakamlowa. "Unasema kweli, papa?"

"Kaliko ni kitambaa. Mi nimekata bitambaa maisha yangu yote. Lete telefone, andika Kinshasa, haraka, mbele roho yangu haijarudi nyuma!"

Akaandika. Mtandao ukakataa. Akapanda kiti, ukakataa. Akapanda meza yangu ya kukatia, akalikanyaga lile koti la baridi kwa viatu vyake, nami nimemshika miguu, nikiomba minara yote ya Kolwezi itusikilize. Kisha akapiga kelele, "Imeenda!" na mimi nikapiga kelele kubwa kuliko yake, tukaruka pale kwenye barza mpaka bobini zikamwagika zote.

Nikampigia mke wangu Nzilo. Alisikiliza mpaka mwisho, kaliko na yote, akasema, "Nilitoka siku ine tu," akacheka mpaka simu ikakatika.

Kisha nikachukua ngazi, nikapanda mti wa avoka kufungua kamba. Mama wa makala alinikuta huko juu, nimekumbatia tawi, poda ya Jumapili bado iko kwenye kola ya shati langu. Nikamtangazia kwa sauti ya mtu mwenye habari mpya kwamba mtoto anakwenda Kinshasa.

Akaweka mikono kiunoni.

"Tata, sisi yote ku avenue tulijua mutoto anapenda Kinshasa. Ni weye tu haukujua, sababu haukumuuliza hata siku moja."