Mbegu Zilizoelea

Nakumbuka mchana mmoja, mawingu ya kupandia yameshaanza kujikusanya milimani, mdogo wangu Felista akatoka jikoni na beseni la maji, yai mkononi, pakiti ya chumvi kwapani. Tulikuwa tunakaa Katindiuka. Mimi shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo, mwanangu, usiniulize majina makubwa ya mambo haya. Nakueleza nilivyoyaona kwa macho.

Felista alikuwa darasa la saba, na mwalimu wao alikuwa amewafundisha jaribio la mbegu. Unaweka yai ndani ya maji, linazama. Unakoroga chumvi kidogo kidogo mpaka yai lielee. Hapo unalitoa, unamwaga mpunga wa mbegu: ulioshiba unazama, mapepe, zile punje tupu, yanabaki juu. Uliozama unausuuza vizuri kwa maji safi, maana chumvi ikibaki inaua, ndipo unapanda. Jambo la jikoni tu, hata mimi nililielewa.

Mwaka ule ghala lilivuja na wadudu wakaila mbegu yetu. Felista akachota kopo moja guniani, akamwaga. Karibu yote ikaelea. Nilimwona akipapasa kitako cha beseni ndani ya maji kwa vidole, uso umembadilika, kwa sababu Baba alishasema mpunga huo ukizaa vizuri ndio utakaompeleka sekondari. Usipozaa, basi.

Akaenda kumwita Baba, aliyekuwa nje na majirani wakitia mipini kwenye majembe. Baba alimpenda, sitaki umdhanie vibaya. Alikuwa akimwita Mama, kwa kuwa alibeba jina la bibi yetu. Lakini enzi hizo chumvi ilikuwa adimu madukani, sisi tulikuwa tunailamba kama dawa, na sasa anaikuta imeyeyuka kwenye beseni.

"Baba, mwalimu ametufundisha kutia chumvi," Felista akasema, "ndipo..."

Majirani wakacheka kabla hajamaliza. Unajua lugha yetu, anayetia chumvi ni mwenye kukuza maneno. Mmoja akasema, "Kumbe kutia chumvi siku hizi kunafundishwa shuleni. Sisi tulijifunzia kilabuni."

Baba naye akacheka. "Mama, mimi chumvi nimeila miaka mingi. Huwezi kunifundisha kuitia."

Akayachota yale mapepe kwa viganja viwili, akayarudisha guniani. Felista akamwambia taratibu, "Baba, hiyo imekufa." Baba akajibu kwamba mbegu haifi, anayekufa ni mtu.

Tukapanda. Mvua ikanyesha ya kutosha, hatukuwa na wa kumsingizia. Shamba likaota viraka viraka, kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Nyuma ya bafu Felista alikuwa ameotesha zile chache zilizozama; ziliota zimesongamana, kijani cha kuumiza macho. Baba aliziona. Tangu asubuhi ile akawa anazungukia upande wa pili wa nyumba ili asipite pale. Majuto ni mjukuu, wanasema. Kwetu hakungoja kuwa mjukuu, alizaliwa msimu uleule.

Felista akapelekwa kwa mjomba kwenye mashamba ya miwa, kupika na kulea watoto. Sekondari hakuiona. Yupo hadi leo, bibi kama mimi. Ukimpa gazeti hasomi tena, anafungia dagaa. Juzijuzi mjukuu wake alimletea glasi ya maji ya rozela, akatia maji ya majivu, wekundu ukageuka kijani. Mtoto anacheka kwa furaha, anamvuta kanga. Felista akaitazama ile glasi muda mrefu, kisha akamwambia, "Usimwonyeshe baba yako."

Mwanangu, kumwaga maji ni rahisi, kuyazoa ndiyo kazi. Mtoto akikuletea beseni, inama uangalie kwanza, kucheka utacheka baadaye. Sikio halizidi kichwa, ndivyo tulivyolelewa, na kwa methali hiyo tumezika vichwa vingi. Sina tumaini kubwa. Nimewasimulia wengi habari hii. Wakanisikitikia, wakarudi nyumbani wakawacheka watoto wao.

Hata hivyo, Mungu akupe subira ya kusikiliza neno mpaka mwisho wake, akulindie wanao, na popote utakapofukia mbegu, ardhi ikujibu.