Karibu ya Tatu

Ukienda kwa wifi yangu Oddny, nenda na tumbo tupu, na ukishindwa kunyanyuka kitini usije kunilaumu mimi. Juzi fundi wa mabomba alikwenda kumtengenezea sinki la jikoni. Akaambiwa, karibu keki. Akasema hapana, asante, nina kazi kwingine. Karibu keki. Hapana mama, nimetoka kula. Karibu keki mwanangu, kipande kidogo tu! Maskini kijana wa watu alikula vipande vitatu, na sinki bado linavuja. Nikamwambia, "Wifi, utakuja kumuua mtu." Akanijibu, "Heri afe ameshiba." Wala hakucheka.

Hakuwa hivi. Oddny ninayemjua mimi alikuwa mwanamke wa duka la vitambaa hapa Bergen, kola imenyooka, nywele zimetulia, kisu na uma anavishika utadhani amezaliwa navyo. Lafudhi yake ya Kibergen ilikuwa safi kunishinda mimi niliyezaliwa hapa hapa, karibu na soko la samaki. Wateja hawakujua kwamba ni mtoto wa Hallingdal, kule bondeni juu milimani, binti wa mfuga mbuzi. Mimi sikuweza kudanganywa. Nimeolewa na kaka yake, Torleiv, Mungu amrehemu, na harufu ya zizi lile naijua.

Watu wa kule wana jambo lao moja. Mtu wa kule hakubali kukaribishwa mara ya kwanza. Ni aibu, ataonekana mroho. Ukimwambia karibu mezani, anasema hapana. Mara ya pili anasema asisumbue watu. Mara ya tatu ndipo anajivuta taratibu kama anayebebeshwa mzigo, na hapo ujue njaa inamkata. Na akikataa na ya tatu, basi amekataa kweli, usimguse tena. Mimi nilipokwenda kama bibi harusi sikuambiwa. Nikapika, nikaita mara moja, "Jamani, chakula!" Hakuna aliyeinuka. Baba mkwe anaangalia dirisha, shemeji wanakuna magoti. Nikasema, kumbe hawana njaa, nikaondoa sufuria. Lo! Ukoo mzima ulilala na njaa kwa ajili yangu, na mpaka Torleiv anakufa alikuwa akinitania kwa hilo.

Sasa, baada ya kumzika Torleiv, Oddny aliniambia, "Målfrid, tutakaa ndani hivi mpaka lini? Twende na meli." Tukapanda meli ya pwani, ile ya kwenda kaskazini mpaka Kirkenes na kurudi. Katika meli ile unapewa meza moja, na watu wa meza hiyo ndio utakaokula nao safari nzima, upende usipende. Sisi tulipangwa na Wenche na mumewe Kåre kutoka Oslo. Kåre alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, na Wenche alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Kiti cha tano kilikuwa cha mzee mmoja mjane, jina lake Eilif.

Jioni ya kwanza alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, kofia mkononi. Akasimama tu. Wenche na Kåre walishaanza supu ya samaki. Mimi nikasema, "Keti, mzee." Akasema, "Aa, nipo sawa tu." Nikamtazama Oddny, maana kiti kilikuwa ubavuni pake. Oddny alikuwa anakunja kitambaa chake. Ikabidi mimi nirudie, na nikarudia tena, ndipo akaketi.

Alipopata joto kidogo akatuambia habari zake. Mkewe Borghild alifariki majira ya baridi. Tangu siku ile alikuwa akila amesimama, pale pale penye jiko, sufuria mkononi, kwa sababu kukaa kwenye meza ya watu wawili peke yake kulimshinda. Majirani walimwita, hakwenda. "Borghild kabla ya kufa aliniapisha," akasema. "Aliniambia, Eilif, usije ukala umesimama kama farasi. Sasa watoto wamenikatia tiketi hii. Nimesema nitakula na watu mpaka Kirkenes na kurudi. Nikiweza hapa, na kwa majirani nitaweza."

"Vizuri sana, mzee," Kåre akasema, na akaomba apitishiwe siagi.

Kisha yule mzee akamgeukia Oddny. Akamsemesha kwa lafudhi ya Hallingdal, ile yenyewe, inayopanda na kushuka. "Na wewe dada, mtu wa wapi? Uso wako kama nauona kwetu."

"Wa Bergen," Oddny akasema.

"Bergen kabisa?"

"Kabisa."

Nilimpiga teke chini ya meza. Akasogeza mguu. Mkataa kwao mtumwa, wazee walisema, lakini huyu wangu alikuwa mtumwa mwenye kola iliyopigwa pasi.

Nisimfiche Eilif kasoro zake, alikuwa nazo. Viazi alimenya kwa kisu chake mwenyewe cha mfukoni, akayapanga maganda kwenye ukingo wa sahani. Kahawa aliimimina kwenye kisahani, akabana donge la sukari kwa meno, akaivuta kwa sauti ya kusikika mpaka meza ya nahodha. Wazee wote wa bondeni walikunywa hivyo, hata baba mkwe wangu. Wenche kila aliposikia mvuto ule alifumba macho kama anang'olewa jino.

Halafu ikaja shida ya sinia. Sinia la nyama ya kondoo likipita, Eilif anasema, "Hapana, nimeshiba." Kåre analipitisha. Viazi, "Hapana, asante." Vinapita. Mimi nikaanza kumlazimisha, "Chukua, mzee, chukua bwana," Wenche akanishika mkono. "Målfrid, mwache. Amesema hataki. Kwetu mtu akisema hapana ni hapana, tunamheshimu."

Wifi yangu alikuwa amekaa pale pale, anajua kila kitu, na hakufungua mdomo. Jioni ya pili yule mzee aliinuka mezani ameshiba kiazi kimoja.

Alipokwisha kwenda, Wenche akainua kisahani chake kitupu, akakunja midomo, akavuta hewa: sssrrrp! Aliigiza vizuri, siwezi kumnyima. Kåre akatabasamu. Oddny akacheka. Si kucheka kwa adabu. Alicheka kicheko cha kurudisha kichwa nyuma, na alipokirudisha mbele Eilif alikuwa amesimama nyuma ya Wenche. Alikuwa amesahau kofia.

Akachukua kofia yake. "Usiku mwema," akasema.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimeinuka kuchukua samaki wa siki kwenye meza kubwa ya chakula. Niliporudi na sahani yangu nikamkuta Eilif amesimama, kikombe mkono mmoja, kisahani mkono mwingine. Alikuwa akizungumza na Oddny, Oddny peke yake, kwa lugha ya kwao.

"Nimefikiri labda nihamie kile kimeza cha karibu na mlango wa jikoni," alikuwa anasema. "Nisiwasumbue."

Mtu yeyote aliyewahi kula Hallingdal angejua maana yake. Mzee haagi, mzee anaomba aambiwe kaa. Alikuwa ameshasikia kicheko, ameshalala nacho, na bado amekuja kuomba. Na amemwomba yule ambaye alijua fika kwamba ni wa kwao, Bergen kabisa au si kabisa. Kilichotakiwa ni maneno mawili tu. Kaa, Eilif. Kisha uyarudie.

Oddny akapangusa midomo. Kwa Kibergen kile chake cha dukani akasema, "Kama unaona hivyo, sawa."

Eilif akaitikia kwa kichwa, akaenda. Akakaa ametupa mgongo, mlango wa jikoni ukimpiga upepo kila mhudumu alipopita. Mimi nilibaki nimesimama na samaki wangu kama mjinga.

Nilimvamia chumbani kwetu. "Ulijua!"

"Nilijua."

"Sasa ni roho gani hiyo, Oddny?"

Akakaa kitandani, bado na viatu. "Akivuta ile kahawa namwona baba. Baba alikuja dukani mara moja, akaletewa kahawa, akaimimina kwenye kisahani mbele ya wenzangu. Niliona aibu, Målfrid, nikatamani sakafu ifunguke. Na jana aibu ile ile ikanishika tena, mtu mzima nilivyo, mwanamke wa miaka karibu sabini." Akaanza kulia. "Nimemwonea. Nimemwonea mtu aliyekuja kujifunza kukaa chini."

Sikumbembeleza. Alikuwa amesema kweli, na mimi kweli siikatizi. Mchana hakula. Jioni alikata nyama vipande vidogo vidogo, akavihamisha kutoka upande huu wa sahani mpaka upande ule. Kåre alipoinua glasi, ambapo kwetu lazima mtazamane machoni kabla ya kunywa na baada ya kunywa, Oddny aliinua yake akiwa anatazama mkeka wa meza. Kila mlango wa jikoni ulipogonga, alishtuka.

Kesho yake aliamka mapema, akavaa, akasema, "Naenda kumwita." Nikamfuata kwa mbali, nikajifanya nachagua mkate.

Akasimama mbele ya kile kimeza. Akasema kwa lafudhi ya Hallingdal. Tangu nimjue sikuwahi kumsikia akisema hivyo, hata kwenye mazishi ya kaka yake. Ulimi ulikuwa na kutu, lakini ulikuwa wa kwao.

"Eilif, karibu mezani kwetu."

"Asante," akasema mzee. "Hapa pananitosha."

Moyo ukanipiga kwa furaha. Ya kwanza hiyo! Endelea!

"Karibu, Eilif. Kiti chako kipo."

"Asante. Nisiwasumbue."

Nikauminya ule mkate. Bado moja. Oddny naye alijua. Nilimwona akivuta pumzi.

"Karibu, Eilif. Mimi ni wa Ål, kule kule bondeni kwetu, binti wa Knut, wa lile shamba la juu penye maji. Nilikudanganya, na nilikucheka. Nakuomba, karibu."

Mzee akaweka kisahani chini. Akamtazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Nilijua tangu jioni ya kwanza," akasema. "Una macho ya Knut. Asante, dada. Hapana."

Hiyo ilikuwa ya tatu. Na ya tatu nimeshakwambia ni nini.

Oddny hakuondoka. Alishika mgongo wa kile kiti kitupu kilichokuwa mbele ya mzee, akasimama tu, kama mzee mwenyewe alivyosimama jioni ya kwanza. Basi Eilif, mtu mwema yule, akaiondoa kofia yake juu ya kiti. "Unaweza kukaa hapa wewe," akasema, "ukipenda."

Kaa! nikasema moyoni. Kaa wewe mwanamke, kaa upesi!

Na mdomo wake, ule mdomo uliofundishwa na mama yake bondeni kabla hata meno hayajaota yote, ukasema, "Hapana, asante. Nisikusumbue."

Nadhani alikuja kusikia alichosema baada ya maneno kutoka. Hakukiachia kiti. Alisubiri. Mungu wangu, alisubiri aambiwe mara ya pili. Eilif akamimina kahawa kwenye kisahani, akaipuliza, akaivuta taratibu mpaka ikaisha.

"Kama unaona hivyo, sawa," akasema.

Meli ilipofika bandari ya Bodø, Eilif alishuka na sanduku lake. Tiketi yake ilikuwa ya kwenda mpaka mwisho na kurudi, lakini Bodø kuna treni ya kusini, na akashuka. Tulimwona kutoka juu akitembea gatini, hakugeuka. Chakula cha mchana Wenche akauliza, "Jamani, yule mzee wetu yuko wapi?"

"Amerudi kwao," nikasema.

"Oh! Kwani hakuipenda meli? Mbona hakusema kitu?"

"Alisema," Oddny akajibu, na sinia la viazi likapita.

Tangu tumerudi amekuwa huyu mnayemwona. Anamkamata mleta barua, anamkamata mchungaji, anawakamata wale wasichana wa ghorofa ya juu wanaojinyima ili wasinenepe. Siku moja alipanda treni mpaka bondeni kumtafuta Eilif. Majirani walimwambia yupo, mzima, ila hapokei wageni wala haendi kwa mtu. Aligonga mlango wake mara tatu, akarudi Bergen.

Jumapili nilikuwa kwake. Nilikuwa nimekula, nimeshiba kweli, nikamwambia hivyo, na yeye anazidi kunikatia keki. Nikakasirika. "Wifi, mtu akisema hapana si umwache!"

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana.

"Unafikiri sasa hivi amekaa," akaniuliza, "au amesimama?"

Nikavuta sahani, nikala.